Haiuoni Mkono

Mhadhiri wetu hufuta ubao kwa mkono wa kushoto
huku wa kulia ungali ukiandika.
Boriti, mshale wa mzigo, herufi za Kigiriki,
ukipepesa tu, zimekuwa vumbi la chaki.
Nilijaribu kibodi muhula mzima:
vidole vinajua kuandika neno "nguvu",
havijui kuichora inavyolikandamiza daraja.

Ndiyo maana Jumamosi ile tupo Mwanjelwa, mimi na mama,
ukungu haujaachia Loleza,
yeye na sweta la kijani na fundo la kanga kiunoni:
magunia kumi na moja ya viazi vya Isyonje
yamegeuka noti,
na noti bado zinanuka shamba.

Ambakisye mwenye duka anatupangia.
Hii nyembamba, nyepesi kama sahani ya bati,
ila kalamu yake inauzwa peke yake.
"Yaani nanunua jembe leo,
mpini siku nyingine?"
Hii kioo chake king'aavu mno, ncha inateleza
kama ndala kwenye matope ya Machi,
na wino unakuja nyuma ya mkono, unahema.
Hii inajikunja mpaka mgongo uguse mgongo,
lakini chaji yake ni saa tatu,
na kwetu Itezi umeme huondoka bila kuaga.
Nainua, napima, naweka.
Mama anahesabu bei kwa midomo, bila sauti.

Halafu ile ya pembeni, mtumba.
Kona imechubuka. Mgongoni kuna jina la mtu,
limekwanguliwa likabaki herufi mbili.
Nzito. Bawaba inalalamika.
Kalamu imelala ndani ya ubavu wake
kama kisu kwenye ala,
na kioo kinakwaruza kidogo, mkwaruzo wa karatasi hasa.
Nachora duara, linatoka duara.
Nachora boriti, naining'inizia mzigo.

"Na mimi," anasema mama.
Anaikamata kama anavyokamata ile ya zahanati
akisainia dawa,
kiganja kimening'inia hewani, kinaogopa kuchafua.
"Laza tu mkono, mama. Haiuoni.
Imefundishwa kuona ncha ya kalamu peke yake."
Anakigeuza kiganja, anakisoma:
nyufa, na udongo ule usiosikia sabuni.
"Mkono wote huu, haiuoni?"
Ambakisye anacheka.
Mimi nachelewa kucheka.

Anaandika polepole, mwandiko wa darasa la saba,
mistari inapanda mlima kuelekea kona:
*Mama Tumpe, debe mbili, bado.*
*Gwamaka wa pikipiki, elfu nane.*
*Mbolea.*
Anarudi nyuma hatua moja, anatazama
kama mtu aliyepachika pazia.
"Chukua hii. Imekubali madeni yangu."
Akafungua fundo. Noti ya mwisho
ilimganda kidogo vidoleni.

Jioni akachomoa uzi wa katani kwenye gunia tupu,
akaifunga kalamu kwenye bawaba, mafundo mawili.
Nikamwambia ina ala yake.
"Hata ya benki ina pa kukaa," akasema,
"na bado wameifunga."

Sasa nakaa safu ya tatu.
Uzi unaburuzika juu ya kioo ninapoandika,
nao hauonekani, kama mkono.
Wenzangu wananiita Mwenye Mbuzi.
Ubao unafutwa, boriti yangu imebaki,
na mshale wake, na pale nilipokosea.

Jana usiku alipiga simu. Hakuuliza masomo.
"Mama Tumpe kalipa. Futa."
Nikafungua ukurasa wa kwanza,
nikaigeuza kalamu kichwa chini,
nikafuta mstari mmoja.
Mbolea bado ipo.